Mdau wa Saa Saba

Jumatatu, 3 Juni 2024

Nimegundua tovuti! Siyo ya kubeti. Kubeti nimeacha, tangu Ijumaa. Hii ni ya kutafutia vitu mtandaoni kama zile nyingine zote, ila ukitafuta chochote, hata bei ya vitunguu, wenye tovuti wanatoa senti kidogo kuwasaidia wenye shida. Wao wanapata hela kwenye matangazo, wanagawa. Wewe hutoi hata shilingi. Unauliza tu. Na mimi, Edson Maganga, mwenye steshenari ya kompyuta tatu hapa Runzewe (moja ndiyo inawaka), nimezungukwa na watu wenye maswali tangu nizaliwe.

Kamati ya Uokoaji ilikaa saa nne. Mwenyekiti ni Mama Vumilia, mama lishe wa machimboni, anayempikia kila mchimbaji na kumjua kila mmoja kwa sahani yake. Tunatafuta milioni tatu. Kamba, kapi, feni ya kupeleka hewa chini, kofia ngumu. Maana duara likititia (duara ndilo shimo la dhahabu, namwandikia mgeni atakayesoma daftari hili nikishakuwa maarufu) watu wanafukuliwa kwa majembe na mabeseni. Mwezi wa nne, mvua zile, yametitia mawili. La kwanza walitolewa watatu, mmoja hakuwa hai. La pili, namba tisa, hakukuwa na mtu ndani. Tulishukuru sana.

Hemal akasema ataweka sanduku kaunta. Hemal ni mtoto wa Mzee Harish, wa duka la vifaa vya ujenzi linalotazamana na langu. Anaongea Kisukuma kunishinda mimi, jambo ambalo sijawahi kumsamehe. Eti anayenunua misumari atumbukize chenji. Sanduku! Karne hii! Nikasimama, nikawaeleza tovuti yangu, nikaahidi milioni moja na nusu kufikia tarehe kumi na tano. Mama Vumilia aliniuliza kama nimekunywa chai. Nilikuwa nimekunywa.

Nikiwa nimesimama nilimwona Hemal anaangalia miguu yangu. Wivu. Katambuga nilizovaa si za mchezo. Tairi la lori, soli nene, ukanda wa mpira mwekundu wa baiskeli, kisigino kimepigwa misumari midogo kwa umbo la nyota. Niliziokota machimboni mwezi wa nne, nilipokwenda kubandika matangazo yangu ya laminesheni. Zilikuwa mdomoni mwa shimo, zimepangwa vizuri kabisa, mwenyewe kazitupa. Watu wanachezea mali! Zinanikaa utadhani nilipimwa. Kasoro yake moja tu, hazikauki.

Jumanne, 4 Juni

Maswali 31. Yangu 28. Nimeuliza mji mkuu wa kila nchi ya Afrika nikaishia Komoro. Tovuti ina tarakimu pembeni, inapanda kila ukiuliza. Chini yake kuna orodha ya maswali yaliyoulizwa karibuni. Nimekaa naiangalia ile tarakimu kutwa nzima.

Kikwazo ni kwamba watu hapa hawana mazoea. Akaja mzee wa ng'ombe kupiga picha ya kitambulisho. Nikamwambia, baba, uliza chochote, bure. Akafikiri. Akavua kofia, akapiga goti mbele ya kompyuta, akaniuliza kwa sauti ya chini kama huyu mfumu anataka kuku mweupe au mweusi. Mfumu, yaani mpiga ramli! Nilitaka kucheka. Halafu akili ikaamka. Nikamwambia huyu hataki kuku. Huyu unamwamkia kwanza, unauliza shida yako, ukimaliza unamshukuru.

Shikamoo, moja. Swali, mbili. Wabeja, asante yetu ya Kisukuma, tatu. Mtu mmoja anahesabiwa mara tatu! Nilijipigia makofi peke yangu dukani.

Mzee aliuliza dume lake lililopotea wiki iliyopita liko wapi. Mashine ikaleta tangazo la saruji lenye picha ya daraja. Akaitazama sana ile picha, akaondoka bila kuchukua kitambulisho.

Jumatano, 5 Juni

Dume limepatikana. Darajani! Lilikuwa linakunywa maji.

Kufikia saa tano foleni imevuka barabara. Wazee, akina mama, wachimbaji wenye vumbi mpaka kope. Nani kaniroga. Kwa nini mahindi yangu yamenyauka na ya jirani hayajanyauka. Je, mume wangu ana mwanamke Kahama. (Mashine ilileta ratiba ya mabasi ya Kahama. Yule mama alisema basi inatosha, ameelewa.) Wote wanaamkia, wote wanashukuru. Maswali 412!

Hemal ametoa viti vyake nje ili watu wa foleni yangu wasikae juani. Halafu akaweka sanduku lake katikati ya viti. Sanduku likashiba kwa jasho langu. Nilikwenda kumlalamikia, akanipa maji baridi.

Mtu wa mwisho kabla ya chakula alikuwa dada mmoja mwenye mtoto mgongoni, Mbuke, ametoka Didia. Mume wake, Jilala, alikuja huku mwezi wa tatu kuchimba. Simu haipatikani tangu katikati ya mwezi wa nne. Ndugu wa mume wanasema Jilala amekimbia, ameoa Geita, na wao wanataka Mbuke aache nyumba arudi kwao. Yeye hawaamini. Ila hana cha kuwaonyesha. Anataka kujua tu, mzima au si mzima, ameachwa au ni mjane, ili ajue namna ya kuishi. Aliyaeleza haya polepole, macho chini. Amefikia kwa Mama Vumilia.

Akaandika kwa kidole kimoja: Jilala yuko wapi. Mashine ikaleta mchezaji wa mpira na padri. Akasoma yote mpaka mwisho. Nikamwambia arudi kesho, mashine bado inazoea sauti yake. Si kweli. Lakini ni kwa ajili ya msaada.

Ijumaa, 7 Juni

Leo kuna jambo.

Saa saba mchana huwa nafunga, nakwenda chumba cha nyuma kula. Katambuga naziacha chini ya meza ya kompyuta, miguu ipumue. Nilipofunga tarakimu ilikuwa 903. Niliporudi ilikuwa 914. Mlango umefungwa, ufunguo mfukoni mwangu. Nikaangalia orodha:

giza hili ni la saa ngapi

maji yanatokea wapi

mbona hakuna anayegonga

katambuga zangu ziko wapi

Hilo la mwisho mara nane.

Na katambuga hazikuwa chini ya meza. Zilikuwa mlangoni, kwa ndani, sambamba, vidole vimeelekea chumbani. Zina tope jekundu, bichi. Mvua haijanyesha hapa wiki tatu.

Sikuthubutu kuzigusa kwa dakika kumi hivi. Halafu nikasema Hemal! Jengo ninalopanga ni la baba yake, lazima ana ufunguo wa akiba. Nikavuka barabara kumkabili. Alikuwa ametoka kwenda benki na dereva tangu saa sita, na wateja kumi na wawili wanamsubiri.

Nikarudi, nikakaa, nikafikiri kama msomi. Maswali kumi na moja, bure, bila kuhimizwa. Huyu ni mtu anayejituma. Kama angekuwa kwenye kamati tungefika mbali. Nimempa jina, Mdau wa Saa Saba. Nimemsogezea kiti vizuri.

Jumamosi, 8 Juni

Mbuke hakosi. Anakuja kabla ya wote, anauliza lile lile, anasoma majibu yote, anashukuru, anakwenda kumsaidia Mama Vumilia kuosha vyombo. Leo ameandika shikamoo na pale chini, mahali mashine inapokumalizia maneno, likatokea neno moja.

marahaba

Akatabasamu. Mara ya kwanza namwona anatabasamu. Foleni yote ikasogea kuona. Nikatangaza kwa sauti, mnaona, anaitikia!

Najua mashine inavyofanya kazi. Inarudia yale ambayo watu wamewahi kuandika palepale. Tatizo ni kwamba hakuna aliyeandika marahaba. Nimekataza mwenyewe. Nani aitikie, wakati wote wanaamkia?

Hata hivyo habari imeenea mpaka machimboni, na watu mia wameongezeka. Sanduku la Hemal, laki saba. Nimesikia tu, sikuuliza. Niliuliza mara mbili.

Jumatatu, 10 Juni

Siku mbaya. Naandika kwa mpangilio nisichanganyikiwe.

Asubuhi nikafungua ukurasa wa kuona msaada umefikia wapi. Maswali 2,914. Hela, ukibadili iwe yetu, elfu tisa na mia mbili. Elfu tisa! Nikapitisha macho chini. Zimeshatumwa. Kwa nani? Kwa punda. Kuna kituo ng'ambo cha punda wazee waliostaafu kazi. Mimi nilipojiandikisha nilijaza jina la kikundi chetu sawasawa, ila pale pa kuchagua atakayepokea nikaacha wa kwanza kwenye orodha, kwa haraka. Kuna picha. Punda amevaa sweta.

Hapa punda anavuta madumu ya maji mpaka anaanguka, na Runzewe nzima imepiga magoti wiki moja kumnunulia mwenzake sweta! Mama Vumilia akapita akauliza tumefikia wapi. Nikamwambia fedha ziko kwenye mchakato. Nikambadili punda, nikaweka kikundi chetu. Tarakimu ikarudi sifuri.

Dakika ileile umeme ukakatika, mji mzima. Foleni ikatawanyika. Saa saba nikaingia nyuma kula ugali na mlenda. Tonge la tatu nikasikia vibonye vya kompyuta. Ta. Ta. Ta. Kidole kimoja, taratibu, kama mtu aliyejifunza juzi. Nikadhani ni panya. Panya habonyezi, akatulia, akabonyeza tena.

Nilichungulia. Kioo cheusi. Kiti kimevutwa nyuma. Katambuga ziko mlangoni, na safari hii maji yanachuruzika kutoka kwenye soli, yanaenda chini ya meza.

Umeme ulirudi saa tisa. Tarakimu: 46. Niliiacha sifuri. Swali ni moja, lile la katambuga, mara arobaini na sita.

Niliogopa. Naandika hapa na sitamwambia mtu, nilitoka nikakaa barabarani mbele ya duka la Hemal nikisingizia nasubiri mzigo. Hemal aliniuliza naumwa nini. Nilikaribia kumwambia. Lakini nikapiga hesabu. Arobaini na sita, bila umeme! Je, akiwa na umeme? Na saa nzima? Kuanzia keshokutwa mapumziko ya chakula ni saa sita mpaka saa tisa.

Jumatano, 12 Juni

Maswali 1,300 kwa mkupuo mmoja! Nilikaa nyuma nimeegemeza sikio ukutani. Anabonyeza bila kupumzika. Hasikiki akipumua. Katikati unasikia tone la maji, kisha anaendelea.

Nilitaka kumtia moyo. Kabla ya kufunga nilimwandikia: Karibu mdau, uliza na mengine, usione haya. Niliporudi nimekuta amebadilika kidogo:

nipo namba tisa

niambieni kama yupo mtu juu

Mbuke amekuja

Hili la mwisho lilinituliza sana. Kumbe anamjua Mbuke! Basi ni mtu wa hapahapa, mzima, mwenye miguu yake. Na mimi nilivyokuwa nahangaika. Ila tabia yake sikuipenda, kumfuatilia mke wa mtu. Nimeyafuta hayo matatu kwenye orodha, Mbuke asije akayaona akaacha kuja. Yeye peke yake ni maswali matatu kwa siku.

Alikuja saa kumi. Mtoto anakohoa. Shemeji zake wamepiga simu, wamesema wameshabadilisha kufuli la nyumba. Kesho anauliza mara ya mwisho, keshokutwa anapanda basi. Nilimwambia asikate tamaa, mashine karibu inamzoea. Aliniitikia vizuri, asante kaka. Nilijisikia vibaya kwa muda.

Alhamisi, 13 Juni

Mwandiko wa leo ni mbaya, utanisamehe.

Mbuke alikuja na Mama Vumilia. Foleni imejaa, watu kama ishirini. Akaamkia mashine, akauliza Jilala yuko wapi, ikaleta wale wale, mchezaji na padri. Badala ya kushukuru akashuka na macho kwenye ile orodha. Katambuga zangu ziko wapi. Katambuga zangu ziko wapi. Ukurasa mzima. Akaniuliza nani anaandika haya. Nikasema ni mfadhili wetu mmoja, mtu mkubwa, hapendi kutajwa. Nikainuka kwenda kuchukua karatasi ya takwimu niliyoichora kwa rangi, iko ukutani upande wa pili. Nikazunguka meza.

Siku zote hizo nilikuwa nimekaa nyuma ya meza. Leo ndiyo akaniona miguu.

"Hizo katambuga umezitoa wapi, kaka?"

Nikamweleza. Sikuwa na cha kuficha. Machimboni, namba tisa, asubuhi ya tarehe kumi na sita mwezi wa nne. Zilikuwa mdomoni mwa shimo, zimetupwa.

Mama Vumilia akakaa chini. Sakafuni, pale pale, na kitenge chake kizuri. Halafu akaanza kunieleza polepole, kama anamweleza mtoto. Machimboni kwetu anayeshuka peke yake anaacha viatu mdomoni, vidole vimeelekea shimo. Viatu vikiwepo, mtu yumo. Visipokuwepo, ameshatoka kwenda kwao. Hata mwizi havigusi. Namba tisa ilititia saa saba mchana wa siku ileile. Walikimbia wote, yeye akiwa na mwiko mkononi. Wakaangalia mdomoni. Hakuna viatu. Wakamshukuru Mungu, wakarudi kula.

Nikasema sikuambiwa. Na ni kweli! Hakuna kibao, hakuna tangazo, na siku ile mimi nilikuwa na gundi na karatasi, ningeambiwa ningebandika mwenyewe.

Mbuke akasema ile nyota ya misumari aliipiga kaka yake, Didia, na kwenye mguu wa kushoto msumari mmoja ulikosekana, uliisha. Nikainua mguu wa kushoto. Umekosekana. Akapiga magoti akazivua mwenyewe miguuni kwangu, mmoja mmoja, maana mimi nilishindwa kuinama. Akazifuta tope kwa pindo la kanga. Hakulia. Alizipakata kama mtoto.

"Wiki nzima namuuliza mashine," akasema, "na jibu liko chini ya meza."

Niliona aibu. Aibu ya kweli, si ile ya punda. Niliingia chumba cha nyuma nikakaa kwenye mkeka, peku, nikalia. Saa saba ikapita. Vibonye havikulia hata kimoja.

Jumamosi, 15 Juni

Leo ndiyo ilikuwa tarehe yangu ya milioni moja na nusu. Msaada wangu wote, baada ya punda, elfu nne na mia tatu, na wanasema utatumwa mwezi wa tisa.

Hemal alileta kamba, kapi, feni, kofia kumi. Vipya, kwenye gari la baba yake. Sanduku lilijaza zaidi ya nusu, iliyobaki Mzee Harish kaongeza bila kusema. Hemal hata hotuba hakutoa. Mimi ningetoa.

Tangu jana wamechimba. Leo wakashuka watu sita. Wakaacha viatu sita mdomoni, jozi kwa jozi, vidole vimeelekea shimo, na Mbuke akaja akaweka katambuga za Jilala mbele ya zote. Mimi nilisimama mbali na kokoto zilinichoma.

Walimkuta saa saba. Alikuwa amekaa, ameegemea mwamba, uso juu kule mdomo ulikokuwa. Peku. Pembeni yake kiroba cha mawe, na mawe yanang'aa. Athanas, mlinzi wa eneo lile, alichukua moja akaligeuzageuza juani muda mrefu, akauliza kama huko chini yamebaki mengine. Waliotoka wakasema yamebaki, ila hakuna wa kuyafuata. Mama Vumilia akaagiza namba tisa ifukiwe na greda baada ya sikukuu ya Idd. Kiroba ni cha Mbuke.

Wale sita walivaa viatu vyao. Mbuke akamvalisha Jilala vya kwake. Akapiga simu Didia mwenyewe, akawaambia shemeji zake kwamba hajaachwa, ni mjane, anamleta mume wake nyumbani, wafungue mlango. Halafu akatupa sote mkono, mmoja mmoja, kutushukuru. Na mimi akanipa. Afadhali angenipiga kofi.

Nimejifunza. Naandika kwa herufi kubwa: NIMEJIFUNZA. Viatu vikielekea shimo, haviguswi. Maisha yangu yote.

Jumanne, 18 Juni

Duka kimya. Tangu Alhamisi watu wanapita upande wa pili wa barabara. Maswali manne kwa siku tano, yote yangu. Mdau hajarudi. Nimemkumbuka, si uongo.

Jana ilikuwa Idd, mji umefungwa, nikatembea mpaka machimboni kubandua matangazo yangu kabla greda halijayafukia. Laminesheni ni gharama. Hakukuwa na mtu hata mmoja. Mdomoni mwa namba tisa nikakuta gambuti. Nyeusi, karibu mpya! Mimi nikaruka nyuma. Sikuzigusa. Nikakaa nikazichunguza kwa kanuni, kama mtu aliyejifunza.

Kwanza: walioshuka Jumamosi walikuwa sita, nilihesabu mwenyewe, na walivaa jozi sita wakaondoka. Hizi ni za saba. Kwa hiyo ni za ziada. Pili: Mama Vumilia ameshatangaza hakuna kushuka, kwa hiyo hakuna aliyeshuka. Tatu, na hili ndilo la kitaalamu: vidole havikuelekea shimo sawasawa. Cha kulia kilikuwa kimegeukia pembeni kidogo. Niliita mara moja, hodi. Hakuna aliyeitikia, ila upepo ulikuwa mkali. Nikazichukua. Zinanikaa utadhani nilipimwa.

Leo saa nne greda limefukia namba tisa. Mama Vumilia alikwenda mwenyewe kwanza akakagua mdomoni, akaona hakuna kitu, akampungia dereva mkono. Nimefurahi utaratibu unafuatwa.

Na kubwa kuliko yote, Mdau amerudi! Nimetoka kula sasa hivi, gambuti nimezikuta mlangoni, zimelowa. Tarakimu imepanda 61. Amebadilisha kidogo, sasa anaulizia gambuti, na kuna moja jipya: mbona mmezima mwanga. Nitamwandikia kwamba leo umeme haukukatika.

Nimepata na mteja. Asteria, mke wa Athanas yule mlinzi. Mume wake aliaga jana asubuhi, akasema wakati watu wako kwenye sikukuu yeye ana kazi ndogo ya nusu saa, hajarudi. Simu haipatikani. Amekaa hapa mbele yangu naandika, anatafuta herufi kwa kidole kimoja. Nimemweleza aanze na shikamoo. Mashine imeleta makanisa mawili na timu ya mpira. Ameyasoma yote mpaka mwisho, macho yamemjaa machozi, na kwa kweli nimemwonea huruma. Nimerudisha miguu chini ya meza, nikamwambia ajaribu tena kesho, mashine bado inazoea sauti yake.